Mnaosoma uhandisi huku mnatengeneza tovuti, njooni tuongee ukweli wa muda, pesa na miradi

Waya Mwekundu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila chuo kikifunguliwa napokea ujumbe uleule kutoka kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza: "Bro, nasoma uhandisi, nikijiingiza kwenye kutengeneza tovuti si nitadisko, nitimuliwe chuo?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Sasa naandika hapa kwa kirefu, atakayeuliza namtumia kiungo. Mimi ni wa uhandisi wa umeme, mwaka wa nne, Mlimani. Tovuti natengeneza tangu mwaka wa kwanza, na boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likikata ndizo zinazonivusha.

Jibu fupi: jifunze. Ila usijifunze ili uukimbie uhandisi. Tovuti ya saluni yenye picha tatu na namba ya WhatsApp siku hizi anaitengeneza yeyote, na tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 hata huyo yeyote hahitajiki sana. Huko utashindana kwa bei, na bei itashuka mpaka useme basi. Mtu wa uhandisi ana mtaji mwingine: anajua kupima kitu halisi, iwe maji, umeme, zege au joto, akatoa namba ya kuaminika. Tovuti inayoonyesha namba hiyo ndiyo ya kukimbilia. Huo ndio msimamo wangu, mwenye kubisha abishe.

Nianze na muda, maana sapu (mitihani ya marudio) zinaanzia hapo.

Ratiba yetu haina huruma. Asubuhi vipindi, mchana maabara, usiku ripoti ya maabara yenye grafu na maelezo ya kwa nini vipimo vyako havikulingana na nadharia. Mwisho wa mwaka wenzako wa kozi nyingine wanarudi kwao kula ugali wa mama, wewe unakwenda PT, mafunzo kwa vitendo, na daftari la kujaza kila siku ulichofanya kiwandani. Tovuti inabaki na usiku wa manane na Jumapili. Hapo kazi yenyewe haisumbui sana, ukiizoea unaimaliza. Anayesumbua ni mteja. Atanyamaza mwezi mzima, picha hatumi, maelezo hatumi, halafu anaibuka wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) akitaka "kitu kidogo tu". Ukikifungua hicho kitu kidogo, ni ukurasa mpya wa bidhaa sitini.

Dawa yake: tarehe za UE ziandike kwenye makubaliano toka siku ya kwanza. Mwambie kabisa, "Kuanzia tarehe fulani hadi fulani nipo kwenye mitihani, sipokei simu ya kazi." Wateja wanaelewa kuliko mnavyofikiri. Asichokielewa ni wewe kuzima simu kimya kimya wakati advansi umeshakula.

Pesa: nusu kabla ya kugusa kibodi, nusu kabla ya kukabidhi. Domeni, yaani anwani ya tovuti, iandikishwe kwa jina la mteja na barua pepe yake, iwe .co.tz au .com. Kuna vijana wanaiandika kwa majina yao ili wamshike mteja. Huo ni utapeli, tena wa kijinga, kwa sababu siku ukiwa PT Mtwara na domeni imeisha muda, biashara ya mtu inazimika na simu zote zinakuja kwako.

Wanaolipa vizuri ni kampuni ndogo za utalii za Arusha na Moshi. Mgeni wao anawatafuta mtandaoni akiwa kwao Ulaya au Marekani, kwa hiyo tovuti kwao ni duka lenyewe. Shule binafsi zinafuata, ingawa mkurugenzi wa shule atataka picha yake iwe kubwa kuliko jina la shule. Mvumilie.

Naenda maabara, nikirudi naendelea na sehemu ya miradi.

Kaa la Mawe

Siti ya mbele hapa. Mkuu usituache njiani kama wale wengine wa "itaendelea".

Mtoto wa Tandika

Chai. Hakuna mwanafunzi wa umeme Mlimani mwenye muda wa tovuti. Mimi nilisoma hapo, hata kunyoa nilikuwa sipati muda.

Waya Mwekundu

@Mtoto wa Tandika hahaha, mkuu kunyoa kweli sinyoi.

Nimerudi. Kabla ya miradi, niseme jambo moja ambalo watu wa uhandisi tunaweza kulifanya vizuri kuliko wabunifu wengi: uzito wa ukurasa. Picha iliyopigwa na simu ya kisasa ina upana wa pikseli 4,000 hivi na inakula MB 4 au 5. Fundi wa aluminiamu anakupa picha 20 za madirisha yake, wewe unazibandika kama zilivyo. Umetengeneza ukurasa wa MB 80 hadi 100. Mteja wake yupo Mbagala, kajiunga bando la siku, anafungua mara moja tu na bando limekwisha. Hatarudi, na hatakwambia kwa nini.

Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200, zihifadhi kwa muundo wa WebP, kila moja itabaki na KB 150 hivi. Ukurasa uleule sasa una MB 3. Darasani tunafundishwa kwamba kila mzigo una kikomo, na kikomo kinawekwa kabla ya kuanza kujenga. Mimi naweka kikomo cha MB 1 kwa ukurasa wa mwanzo, hata mteja akilia.

Kitu kingine cha kuchekesha. Fungua JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, iambie ijumlishe 0.1 na 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Wabunifu wengi wakiona hivyo wanadhani kivinjari kimeharibika. Wewe uliyekaa kwenye darasa la mbinu za kihesabu unajua kompyuta inahifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haina mwisho katika mfumo huo. Kwenye bei za shilingi haikusumbui kwa kuwa senti hatutumii. Kwenye kikokotoo cha vipimo itakusumbua.

Sasa mradi wangu wa simtanki.

Hosteli za mtaani tunazopanga nyingi zina tanki juu ya mnara, pampu chini, na mlinzi anayepanda ngazi kuchungulia. Mradi wangu ni kihisi kinachopima maji na ukurasa ambao mwenye nyumba anaufungua kwenye simu akaona zimebaki lita ngapi. Wengi mmeshaona mradi wa namna hii YouTube, unaonekana wa watoto. Subirini niwaonyeshe uhandisi umejificha wapi.

Kihisi cha HC-SR04 kinarusha sauti ambayo sikio halisikii, inagonga maji na kurudi. Unachukua muda, unazidisha kwa mwendo wa sauti, unagawa kwa mbili. Mifano yote ya mtandaoni inaandika mita 343 kwa sekunde. Hiyo ni kwenye nyuzi 20. Dar ya Februari kivulini tu ni nyuzi 32, na hapo sauti inakwenda kama mita 351. Tofauti ni asilimia mbili na ushee. Tanki likiwa karibu tupu, maji yapo mita 1.5 chini ya kihisi, kwa hiyo umekosea sentimita tatu na nusu hivi. Tanki lenye kipenyo cha mita 1.3, sentimita hizo ni lita 45. Na kosa lenyewe linaelekea upande mbaya: kifaa kinasema kuna maji zaidi ya yaliyopo, tena wakati maji yanakaribia kuisha. Wapangaji wanaosubiri kuoga utawaeleza nini?

Suluhisho ni kihisi cha joto cha DS18B20 ndani ya tanki, programu irekebishe mwendo wa sauti kila inapopima. Joto la ndani ya tanki jeusi lililopigwa na jua linazidi la nje, kwa hiyo usitumie utabiri wa hali ya hewa kutoka mtandaoni, pima humo humo.

Pili, HC-SR04 haipendi mvuke. Tumia JSN-SR04T isiyopitisha maji, ila jua kwamba haioni kitu kilicho karibu sana nayo, sentimita 20 hadi 25 za kwanza ni gizani. Kifunge juu ya usawa wa maji yakijaa.

Tatu, hii imeunguza bodi nyingi za wanafunzi: pini ya mwangwi ya kihisi inatoa volti 5, ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha kifaa) inataka 3.3. Weka rizista mbili, kilo-omu 1 na kilo-omu 2, unapata volti 3.33. Vitu vya bei ya soda.

Kuhusu tovuti yenyewe: kifaa kinatuma kila dakika 10, sawa na mara 144 kwa siku. Kila ujumbe na vichwa vyake (maelezo yanayoutangulia) nimeubana usizidi baiti 500. Kwa mwezi ni MB 2 na kidogo. Laini ya kawaida yenye bando dogo kabisa inatosha. Aliyetengeneza tovuti za MB 100 hawezi kupanga kitu hiki, ndiyo maana nilianza na habari za picha.

Zege Laini

Kaka, umenigusa. Mimi ni wa ujenzi, Mbeya, mwaka wa tatu. Wasichana darasani kwetu tunahesabika, na ukisema unaandika programu wanakuuliza kwa nini usingesoma kompyuta moja kwa moja.

Nami nieleze wangu. Nikiwa PT saiti niliona mafundi wanakadiria saruji kwa uzoefu, na wanakadiria vizuri tu, mpaka uwiano ubadilike. Nikatengeneza ukurasa mmoja: unaingiza urefu, upana, kina na uwiano, unapata mifuko. Mfano, zege la 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo. Ujazo mkavu unazidi ule wa zege lililoiva, tunazidisha kwa 1.54. Gawa kwa 5.5 ambayo ni jumla ya sehemu zote, saruji ni mita za ujazo 0.28. Zidisha kwa kilo 1,440, uzito wa mita moja ya ujazo ya saruji, unapata kilo 403. Mifuko 8 ya kilo 50.

Kilichoniumiza kichwa si hesabu. Saiti ilikuwa bondeni, mtandao hakuna. Tovuti kwenye seva, kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, haina maana pale. Nikaweka kila kitu, HTML, CSS na JavaScript, kwenye faili moja lisilofika KB 40, nikawarushia mafundi kwa WhatsApp. Wanalifungua kwenye kivinjari bila bando. Fundi mkuu alinirudisha mara kadhaa: "Binti, mchanga sipimi kwa mita za ujazo, napima kwa ndoo." Nikaongeza ndoo. Akarudi tena: ndoo ya rangi ya lita 20 ikijazwa kwa kichwa si lita 20. Nikaongeza sehemu ya kuingiza ujazo wa ndoo yako mwenyewe. Sasa limesambaa mpaka kwa mafundi nisiowajua. Hela sijapata hata mia, lakini msimamizi wangu kaniambia nilikuze liwe mradi wa mwaka wa mwisho.

Waya Mwekundu

@Zege Laini dada, wewe ndiye ungepaswa kuleta uzi huu. Hilo la ndoo ni kubwa. Vitufe viwe vikubwa pia, fundi anabonyeza na kidole chenye saruji.

Zege Laini

Viko vikubwa kaka, robo ya skrini kila kimoja. Na maandishi meusi kwenye nyeupe tupu, maana jua la saa saba halionyeshi rangi zenu za kijivu za kisasa.

Mzee wa Mabomba

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimefanya kazi ya uhandisi miaka mingi, sasa napumzika. Nina wasiwasi mmoja. Wengi wenu mkishapata visenti vya tovuti hamwendi kujisajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa SEAP, miaka mitatu mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu na kuandika ripoti zake. Bila usajili wa bodi huwezi kuwa mhandisi mtaalamu, na michoro huruhusiwi kugonga muhuri. Tovuti haitagonga muhuri.

Waya Mwekundu

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe nusu. SEAP nitaomba nikimaliza tu, hilo halina mjadala. Nusu nisiyokubali ni kwamba tovuti na usajili vinagombana. Ripoti za SEAP zinahitaji mtu aliyezoea kuandika alichofanya na kwa nini. Mtu aliyewahi kumweleza mwenye nyumba, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini kifaa kinasoma lita 900 na si 950, ripoti haimtishi.

Mzee wa Mabomba

Marahaba. Hapo umejibu. Ila uandike pia kipimo cha kuhakiki. Uliijaza tanki kwa ndoo ukalinganisha?

Waya Mwekundu

Kwa mita ya maji, mzee, kila lita 100 nasimamisha na kusoma. Mlinzi alidhani nimerukwa na akili.

Comrade wa Juja

Hamjambo majirani. Huku Kenya wengi wetu tuliingia kwa malipo. Safaricom walifungua huduma ya Daraja, unaunganisha tovuti na M-Pesa, na kuna mazingira ya majaribio ambapo unajaribu bila pesa halisi. Mwanafunzi wa umeme anatengeneza mita ya maji ya kulipia kabla, anaweka malipo, ameunda biashara. Swali langu: huyo mwenye nyumba wako anakulipa vipi? Mara moja ama kila mwezi?

Waya Mwekundu

Karibu comrade. Kifaa analipa mara moja, huduma ya ukurasa na laini analipa kidogo kila mwezi. Hii ndiyo tofauti na tovuti ya saluni: ukishakabidhi tovuti ya saluni mmeachana, tanki linakuhitaji kila mwezi. Hiyo mita ya kulipia kabla ngoja kwanza, ukianza kuuza maji kwa kipimo chako unaingia kwenye habari za vipimo kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, huo ni uzi mwingine.

Seva Imelala

Mleta mada, swali la kichokozi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo tanki lako linafanya nini? Grafu inakuwa na shimo?

Waya Mwekundu

Swali zuri sana. Vipimo vinahifadhiwa kwanza ndani ya kifaa pamoja na saa yake, halafu vinatumwa. Kisipopata jibu la seva kinavishikilia, mtandao ukirudi kinavimwaga vyote kwa mkupuo. Kwa vipimo 144 kwa siku, kumbukumbu ya ESP32 inabeba siku nyingi bila shida. Muhimu ni muda uandikwe na kifaa, usiandikwe na seva, la sivyo vipimo vyote vya siku mbili vitaonekana vimetokea dakika moja. Na kingora cha maji kuisha kisitegemee intaneti kabisa, ni taa nyekundu pale getini kwa mlinzi.

Wakili Mtarajiwa

Mnaotengeneza tovuti za shule, angalieni fomu zenu za maombi. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mzazi, magonjwa aliyonayo, vyote vinaingia barua pepe ya mwalimu mkuu bila ulinzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Usikusanye usichokihitaji. Ugonjwa wa mtoto unauhitaji wa nini kabla hajapata nafasi?

Kaa la Mawe

Duh. Fomu ya namna hiyo ninayo. Naenda kuitoa sasa hivi.

Mtoto wa Tandika

Narudisha maneno yangu ya chai. Sasa nisaidieni. Mdogo wangu kaingia mwaka wa kwanza mekanika, nimnunulie kompyuta gani? Hela ya madafu.

Waya Mwekundu

Mkuu, iliyotumika, ya ofisini, RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD. Mpya ya bei hiyo itakuwa na GB 4 na atalia kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea. Kwa hesabu aanze na Octave, ni ya bure na inakwenda karibu sawa na MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, kwa mambo ya mwaka wa kwanza. Kutengeneza tovuti hakuhitaji mashine kubwa, ila kuchora injini kunahitaji.

Seva Imelala

La mwisho kutoka kwangu. Nimejaribu mradi kama wako kwa moduli ya SIM800L, ile inayotuma data kwa laini ya simu, kila ikitaka kutuma inajizima na kuwaka upya. Nimebadilisha antena, nimebadilisha laini, wapi.

Waya Mwekundu

Antena haina kosa, ni umeme. SIM800L inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Ukiilisha kutoka pini ya bodi, volti zinaporomoka sekunde hiyohiyo na moduli inazimika. Ilishe moja kwa moja kutoka betri ya lithiamu ya seli moja, au kishusha volti chenye uwezo wa ampea 3, halafu weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na pini zake, waya fupi na nene. Unganisha hasi ya betri na hasi ya bodi, wengi wanaisahau hiyo. Kumbuka pia moduli hiyo ni ya 2G tu, pima kwanza kama eneo lako lina 2G ya kueleweka.

Seva Imelala

Waya nilizotumia ni zile nyembamba za ubao wa majaribio, urefu wa mkono mzima.

Waya Mwekundu

Zitupe. Kata waya wa spika, sentimita 5 zinatosha, ulehemu. Ukikwama tena weka picha ya saketi hapahapa, usije PM, ili na wengine waone.